Tamko la Waendesha Bodaboda na Mafundi Pikipiki wa Mtendeni Kuhusu Kijana Wetu wa Mashindano



Sisi waendesha bodaboda wa vijiwe vya Mtendeni, pamoja na mafundi wa gereji zinazotuhudumia, tumekutana katika mkutano mkuu wa dharura na kukubaliana kutoa tamko hili kwa umma. Tunalitoa kwa sababu maneno yamekuwa mengi kuhusu kijana wetu wa miaka 15 ambaye uendeshaji wake wengi wenu mmeuona, ama kwa macho ama kwenye simu. Jina lake hatulitaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na tunaomba vyombo vya habari navyo visilitaje, wala visionyeshe nyumba ya kwao au shule anayosoma.

Msimamo wetu ni huu. Kijana anatafutiwa timu, na sisi ndio tutakaosaidiana na mama yake kumtafutia. Lakini hatashindana barabarani, hatapewa pikipiki ya abiria, na hakuna mtu yeyote tuliyemtuma kukusanya hata shilingi moja ya kumpeleka nje ya nchi. Aliyetoa fedha kwa mtu aliyejitambulisha kwa jina letu aende polisi akatoe maelezo, nasi tutakwenda kutoa ushahidi.

Tuanze na barabara. Umezuka mtindo wa watu wazima kumpanga kijana usiku, magari yakishapungua, akimbizane na waendesha bodaboda kwenye lami huku wao wakiwekeana dau. Mashindano ya barabarani bila kibali ni kosa, na kijana mwenyewe hana leseni, kwa hiyo anayempa ufunguo naye anabeba kosa lake. Hatuna haja ya kuhubiri sana katika hili. Kila kijiwe cha hapa kina mtu aliyewahi kulazwa hospitali ya Kitete akiwa na vyuma mguuni, na kila mmoja wetu anaijua miezi ile ambayo tajiri bado anadai hesabu yake huku mdaiwa hawezi hata kusimama. Barabara ya usiku ina guta lisilo na taa, ina ng'ombe, ina lori lililoharibika ambalo dalili yake ni matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake mita chache. Mwanachama atakayekutwa kwenye kukimbizana huko, awe anaendesha, anaweka dau au anashika tochi, ataondolewa kijiweni.

Lipo na jambo jingine ambalo mashabiki wa usiku hawalifikirii: ushindi wa lami haumsaidii kijana kupata timu. Meneja wa timu akitumiwa video ya mtoto anayenyanyua tairi la mbele, ataitazama nusu na kuifuta. Anachotaka kujua ni muda. Mzunguko mmoja wa uwanja fulani ulimchukua sekunde ngapi, kwa pikipiki gani, siku hiyo walikuwepo washindani gani, na mzunguko wa kumi ulikuwa mzito kiasi gani ukilinganisha na wa pili. Swali hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha wengi, maana kijana yeyote mwenye moyo anaweza kuendesha mzunguko mmoja kama mwendawazimu, lakini mikono ikishakakamaa na vumbi limejaa kwenye miwani ndipo anapojulikana. Kwa sasa kijana wetu hana hata muda mmoja ulioandikwa na mwamuzi. Ana mashabiki tu.

Kwamba ana kipaji hatuna shaka, na mafundi wetu si watu wa kusifu ovyo. Wamemtazama akizunguka kwenye mchanga. Husimama juu ya vikanyagio, magoti yameshika tangi, viwiko vimenyanyuka, na uzito wake huhama kabla ya kona, si ndani ya kona. Mahali ambapo sisi watu wazima tunashusha miguu yote miwili na kusukuma kama bata, yeye huongeza mafuta na kuliacha gurudumu la nyuma lielee kidogo. Na ana sikio. Amewahi kuirudisha pikipiki gereji akisema vali zinagonga, fundi akapima na kukuta nafasi yake imezidi kweli. Hilo lilitufurahisha kuliko mbio zake zote, kwa sababu mwendeshaji asiyeweza kumweleza fundi kinachotokea chini yake huishia kulaumu tairi.

Lakini tuseme na upande wa pili. Hayo yote ameyafanya juu ya pikipiki ya biashara iliyovuliwa taa na kiti cha abiria. Boxer ya 150 ina uzito wa zaidi ya kilo 110 na shokapu zake zimetengenezwa kubeba abiria na gunia la mchele kwa mwendo wa kawaida. Pikipiki ya motokrosi ya 125 ina kama kilo 90, na magurudumu yake yana nafasi ya kupanda na kushuka karibu sentimita 30 inapotua kutoka kilimani. Injini yake ni ya mipigo miwili, oili inachanganywa na petroli. Wazee wa gereji waliowahi kuzifungua Yamaha DT za mabwana shamba wa tumbaku wanaukumbuka moshi wake. Nguvu yake hulala chini kabisa, halafu huamka yote kwa mara moja. Pistoni yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kuendeshwa, si kilomita, na saa zenyewe ni makumi tu. Kijana hajawahi kuipanda pikipiki ya namna hiyo. Anayemtangaza kuwa yuko tayari kwa Ulaya ajue kwamba anamtangaza mwanafunzi ambaye hajaliona daftari.

Na hapa ndipo tunapofika kwa bwana mmoja aliyejiita wakala. Hatumtaji jina kwa kuwa suala lake tumelikabidhi panapohusika. Alimwambia mama wa kijana kwamba ndani ya mwaka mmoja mtoto atakuwa kwenye MotoGP, ikiwa familia itatanguliza fedha za viza, za tiketi na za kile alichokiita usajili wa timu. Ahadi hiyo inaanguka kwa kanuni za mchezo wenyewe. Mwaka 2021 vijana watatu walifariki katika mashindano makubwa ya pikipiki Ulaya: Jason Dupasquier wa miaka 19 huko Mugello, Hugo Millán wa miaka 14 huko Aragón, na Dean Berta Viñales wa miaka 15 huko Jerez. Mwaka huohuo, baada ya vifo hivyo, wasimamizi walitangaza kwamba kuanzia 2023 umri wa chini wa kuingia mashindano ya Grand Prix, yakiwemo ya MotoGP, utakuwa miaka 18. Kijana wa Mtendeni mwenye miaka 15 hawezi kuanza MotoGP mwaka ujao hata akiwa na kipaji cha dunia nzima na mfuko wa serikali. Aliyesema anaweza, ama haujui mchezo ama anatujua sisi kuwa hatuujui.

Tunataka umma uelewe jinsi timu zinavyopatikana, kwa sababu ujinga wetu ndio mtaji wa matapeli. Timu za viwanda huajiri waendeshaji ambao tayari wana matokeo, na nafasi zake ni chache mno. Timu za watu binafsi, hasa kwa vijana, mara nyingi hulipiwa: familia au mdhamini hulipa, timu inatoa pikipiki, fundi na hema. Huo si utapeli, ndiyo biashara yao. Njia ya tatu ni mashindano ya kusaka vipaji, kama Red Bull MotoGP Rookies Cup yaliyoanza 2007, ambako vijana huchujwa kwa kuendesha na waliopita hupewa pikipiki zinazofanana. Brad Binder wa Afrika Kusini alipita huko. Akawa bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, na Agosti 2020 akashinda mbio za MotoGP huko Brno, Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda katika daraja hilo la juu. Tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu ni wa bara letu na kwa sababu hakutoka mtaani moja kwa moja kwenda Brno. Alianza kushindana nyumbani akiwa mtoto, kwenye viwanja vyenye saa, waamuzi na gari la wagonjwa.

Karibu zaidi na sisi yupo McRae Kimathi wa Kenya, aliyekwenda kushindana kwenye theluji ya Rally Sweden mwaka 2022. Huyo ni dereva wa magari, na baba yake, Phineas Kimathi, ni mtu mzito katika mchezo huo. Hata hivyo naye aliendesha kwanza mashindano ya nyumbani. Nasi Tanzania si wageni wa injini. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi humu walilijua kama teksi.

Kwa hiyo mpango wetu hauanzii Ulaya. Unaanzia kwenye shimo. Kandokando ya mji wetu yamebaki machimbo ya moramu yaliyotumika kutengeneza barabara, hayalimwi na hayajengwi, na mvua zikikatika hubaki makavu na magumu. Tunaiomba Manispaa ituruhusu kutumia machimbo mojawapo kwa mazoezi, kwa masharti itakayoona yanafaa. Ramani tumeshaichora: kona za kulia na kushoto, vilima viwili vya chini vya kurukia, sehemu ya mchanga mrefu, na njia ya gari la wagonjwa ambayo haikatizi njia ya pikipiki. Kilima kirefu hatukitaki kwa sasa, ingawa vijana watakililia. Matairi chakavu ya kuzungushia kona tunayo. Watazamaji watakaa upande mmoja tu, juu, nyuma ya kamba, na siku ambayo muuguzi hayupo hakuna pikipiki itakayowashwa.

Kutoka hapo tunakwenda majirani. Nairobi kuna uwanja wa motokrosi wa Jamhuri. Uganda kuna Garuga, upande wa Entebbe. Kwenda Nairobi tunapita Nzega, Singida, Babati, Arusha na Namanga. Kwenda Garuga tunapanda Kahama, Biharamulo, Bukoba na kuvukia Mutukula. Safari zote mbili ni ndefu, ila ni za basi na za gari la mizigo, si za ndege. Katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyo chini ya Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, daraja la 125 ni la umri wa miaka 13 hadi 17. Kijana wetu hajachelewa, lakini hana misimu mingi ya kuchezea. Tunataka msimu wa kwanza aende kujifunza na kushindwa, maana atashindwa. Atakutana na watoto waliopanda pikipiki za 50 kabla hawajajua kusoma, wakahamia 65, wakahamia 85, na leo wanajua kuruka kilima bila kukitazama. Wanaompigia makofi hapa mtaani wajiandae kumpokea akiwa nafasi ya kumi na bado wampigie makofi.

Tutakapofika huko watu wetu watagundua jambo ambalo huenda likawavunja moyo au likawafariji: katika motokrosi ya Afrika Mashariki, timu mara nyingi ni familia, gari dogo la mizigo, fundi mmoja, hema na pikipiki moja au mbili. Hakuna jengo wala suti. Kumbe sehemu kubwa ya timu tunaweza kuiunda hapahapa Mtendeni. Mafundi wawili wamejitolea, na tunaomba watakaokuwa tayari kutupokea Nairobi au Kampala wawaruhusu wakae gereji kwao wiki kadhaa wajifunze injini za mashindano. Kinachobaki kutafutwa ni pikipiki yenyewe, vifaa vya kinga na mahali chini ya hema la watu wenye uzoefu. Hilo ndilo tunaloliita kutafuta timu.

Mkataba wowote utakaoletwa lazima mama mzazi ausome kwa Kiswahili, ausaini mbele ya wakili, na abaki na nakala. Lazima useme nani analipa hospitali kijana akivunjika, nani anamrudisha nyumbani, atasoma wapi, na mkataba unakwisha lini. Mkataba unaomfunga mtoto mpaka utu uzima au unaochukua sehemu ya mapato yake yote ya baadaye hatutaupokea hata ukija na pikipiki mpya. Akigonga kichwa na kupoteza fahamu, hata kwa dakika moja, siku hiyo haendeshi tena, na atarudi uwanjani kwa ruhusa ya daktari, si ya kocha. Timu ya kweli itauliza kwanza matokeo, leseni ya mashindano na cheti cha daktari. Inayouliza kwanza namba ya simu ya kutumiwa fedha, hiyo tumeshaijua.

Watu wengine wanasema tunajifanya wajuaji, kwamba maskini hachagui. Tabora haijawahi kuwa na tabia hiyo. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walioibeba biashara yote ile mabegani walijulikana kwa kujadiliana ujira na posho kabla mzigo haujainuliwa. Posho ikikatwa njiani, walitua mizigo. Wafanyabiashara wa pwani na wasafiri wa Kizungu walilalamika sana juu ya tabia hiyo, na sisi tunaiona nzuri.

Kwa wenye pikipiki tunasema hivi kwa heshima. Tunajua kuna waliomwahidi kijana mkataba wa Boxer, apeleke hesabu kila siku na baada ya muda pikipiki iwe yake. Wameona mikono yake, wakaona na faida. Sisi tunaishi kwa mkataba huohuo na tunajua unavyokula saa za mtu kuanzia alfajiri. Kijana akiingia humo, shule imekwisha na mashindano yamekwisha, na kitakachobaki ni dereva mwingine wa bodaboda mwenye stori kijiweni, nao tunao wa kutosha. Tafadhali msimpe.

Kwa Afisa Michezo tunaomba mwongozo wa maandishi. Baraza la Michezo la Taifa limekuwepo kwa sheria tangu 1967, na vyama vya michezo husajiliwa huko. Tunataka kujua hatua za kutambuliwa ili kijana apate leseni ya mashindano kwa njia halali, kwa sababu bila leseni inayotambuliwa na FIM milango ya juu haifunguki. Mkoa wetu ulipopokea michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA mwaka 2022 tuliona watoto wa mpira, riadha na wavu wakipata makocha na macho ya wakubwa. Mtoto wa pikipiki hana mahali kwenye ratiba hiyo, na hatudai apewe. Tunadai tu asihesabiwe mhuni kwa sababu mchezo wake una kelele.

Kampuni za tumbaku, wauzaji wa pikipiki na spea, na watoto wa Tabora mlioko Dar es Salaam, Muscat na kwingineko: hatuombi fedha taslimu. Tunaomba helmeti yenye alama ya ECE, buti za motokrosi, kinga ya kifua, mgongo, shingo na magoti, kwa kipimo cha kijana anayekua, kwa hiyo kabla ya kununua tuulizeni. Vifaa vilivyotumika vinafaa isipokuwa helmeti. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu haitufai. Kila kitakachopokelewa kitaandikwa kwenye daftari linaloshikwa na mweka hazina wetu na mama wa kijana kwa pamoja, na daftari litakuwa wazi kwa yeyote atakayetaka kulisoma. Asipoendelea na mchezo, vifaa vitakwenda kwa kijana anayefuata.

Mama ametupa sharti moja ambalo hakutaka lijadiliwe. Mwanawe ataendelea na shule, na wiki ambayo mwalimu wa darasa atasema hakuhudhuria, machimbo yatafungwa kwake. Tumelikubali kama lilivyo.

Tamko hili limepitishwa na mkutano mkuu wa wanachama na kusainiwa Mtendeni, Tabora, na Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, mwakilishi wa mafundi na mama mzazi wa kijana.

Nakala: Mtendaji wa Kata ya Mtendeni, Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora, Afisa Michezo wa Manispaa, Afisa Ustawi wa Jamii, Kikosi cha Usalama Barabarani, mkuu wa shule ya kijana, vijiwe vyote vya bodaboda vya Mtendeni, Gongoni, Kanyenye, Isevya, Ng'ambo na Ipuli, kwa kubandikwa na kusomwa kwa sauti kwa wasiokuwa na miwani.